Dada Yangu, Bingwa wa Kirusi na Uwanja wa Tende

Mchezo wa tenisi uliigharimu nyumba yetu ya Ibra, huku Omani, sufuria zima la tende na, juzi, kazi ya serikali ya dada yangu Zuwena. Hiyo ya pili bado haijaniingia akilini. Ameacha kazi Nizwa, anautaka uwanja wa tende niliourithi kwa baba, afundishe watoto tenisi.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka nyanja zile. Msimu wa mabsali ulipofika, tende hizo za kupikwa zilichemshwa kwenye masufuria ya shaba, zikaanikwa pale juani, na moshi wa makuti ukatufuata mpaka skuli. Msimu ukisha, ardhi ilibaki ngumu kama sakafu, ikawa yetu. Wavu ulikuwa mkeka mkongwe wa Bibi. Raketi, vibao vya makasha ya matunda. Watoto wa leo wanacheza tenisi kwa kidole gumba, wamelala chali, na bado wanalalamika wamechoka.

Bingwa wetu alikuwa msichana wa Kirusi tuliyemwona kwenye runinga. Ati alianza kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa ghorofa yao, theluji inaanguka. Bibi, aliyekuja kutoka Unguja na hajapata kuona theluji wala tenisi, alimpenda papo hapo. "Mkono anao, mashaallah," alisema huku akimimina kahawa, "lakini mvisheni suruali, yakhe, atapata baridi."

Bingwa akishinda, Zuwena alitoka mbio uwanjani. Mara moja aliupiga mpira ukatua ndani ya sufuria linalotokota. Tende zote zilinuka mpira, tukawapa mbuzi. Mbuzi wenyewe walisita.

Kisha ikaja habari: bingwa kastaafu. Mgongo umemshinda, na thelathini hajafika. Bibi aliweka kikombe chini.

"Kastaafu? Na mvi hana hata moja?"

Zuwena aliukunja mkeka, akauingiza ndani, akafungua vitabu vyake. Akasoma, akaajiriwa, akaolewa. Nikadhani khalas, tenisi imekwisha.

Juzi kaja, hata kahawa hajaigusa. "Kaka Saidi, yule bingwa sasa anafundisha watoto. Nimemwona. Mgongo mbovu, na anafundisha. Mimi mgongo wangu mzima. Niuzie uwanja wa baba."

"Una watoto wanne, Zuwena."

"Basi wanafunzi wa kuanzia ninao."

Nikafanya ambalo mtu yeyote wa sokoni angefanya. Nilimtajia bei ya kipuuzi, bei ya kumfukuzia mteja, nikangoja anilaani, tucheke, arudi Nizwa akaombe kazi yake.

"Sawa," akasema.

Sawa! Hakuapa. Hakuinuka akijifanya anaondoka. Wallahi, nimeuza na kununua tangu sijaota ndevu, sijapata kuona mtu wa kwetu akikubali bei ya kwanza. Na anataka kunilipa kwa mafao yake yote, halafu watoto wale nini?

Zamani hatukumwomba mtu ruhusa. Tulingoja tu tende zianuliwe. Leo kila shubiri ya Ibra ina bei, na muuzaji wa marumaru naye ananipigia simu kila asubuhi akiutaka uwanja huohuo. Zuwena anakuja Alhamisi na fedha mkononi. Uwanja nataka aupate, lakini kwa bei ile sitaki, na nikimpa bure atasema namwonea huruma, hatanisemesha mwaka mzima. Kushusha bei ya mwenzangu najua. Ya kwangu mwenyewe, mbele ya mteja aliyekwisha kuridhika, naishushaje? Anayejua anifunze kabla ya Alhamisi.