Kifaru Kilichozama Nakaloke

Sebit Marjan Farajala: mjukuu wa Farajala mpiga tarumbeta, aliyekuja kwa miguu kutoka Sudani amevaa viatu vya maiti, mwana wa Marjan wa Keya, jeshi la Waingereza, aliyekwenda Burma na masikio mawili akarudi na moja, na yeye mwenyewe dereva wa kifaru, aliyevuka mto ulioganda huko Ulaya ya mashariki, Wazungu wakampigia makofi. Huyo ndiye tunayemsema. Mtu asije akasikia kwamba alibeba barafu ya samaki Masese akadhani alizaliwa mbebaji.

Lakini watu wa Nakaloke, kando ya Mbale, hawakumjua kwa lolote katika hayo. Walimjua kwa moja tu: kwamba alimkanyaga Jafar.

Jafar alikuwa mwana pekee wa Zahara, msuka mikeka. Yeye na Sebit walipelekwa ng'ambo pamoja kujifunza vifaru, zamani zile jeshi lilipokuwa na sauti. Jafar mpiga mzinga, Sebit dereva. Akarudi Sebit peke yake. Serikali ilileta neno moja tu, kwamba ni baridi, na mwili haukuja. Sebit akaenda mwenyewe kwa mama mtu akamweleza. Walikuwa mazoezini, theluji imejaa, ardhi chini yake ngumu kama sakafu ya saruji. Injini ilikuwa imechemka kutwa nzima. Jafar, ambaye baridi ilimtafuna kuliko wenzake, akajipenyeza chini ya tumbo la kifaru alale kwenye joto. Joto lile lile likaiyeyusha ardhi. Kifaru kikashuka pole pole upande mmoja, bila kishindo, wenzake wamelala. Kulipopambazuka injini imepoa, ardhi imeganda tena, na Jafar yumo ndani yake.

Zahara alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo majirani waliyaweka kama akiba:

"Ardhi iliyobeba kifaru jioni itakiangusha usiku? Ardhi si mume ageuke usiku, Sebit. Sema ulimkanyaga."

Basi matanga hayakukaliwa, arobaini haikusomwa. Zahara alisema hasomi dua juu ya uongo. Kila Ijumaa alitandika kitanda cha Jafar shuka safi, na Shamim, binti ambaye Jafar alimwacha tumboni mwa mkewe, akakua akilala mkekani kando ya kitanda kitupu.

Vita vikaja, vikapita. Sebit alikimbilia Sudani, akarudi, akapata kazi kwenye kiwanda kimoja cha samaki pale Masese, kupakia barafu juu ya sangara. Kazi ile ilimla kifua. Miaka ya tisini ilipoingia, akipumua ulidhani amemeza filimbi. Akajua siku zake zimehesabiwa, na akajua kwamba akifa hivi, atazikwa na jina la muuaji. Hapo ndipo alipoanza kujenga kifaru.

Alikijenga kwa bati la debe, urefu wa mkono wa mtu mzima. Minyororo yake ilikuwa minyororo ya baiskeli, magurudumu vizibo vya soda, mtutu wake mti wa mwavuli. Kilipokamilika kiling'aa kama kikombe cha harusi, na Sebit akakichukia. Kifaru haking'ai. Akakipaka chumvi na ndimu akakianika, kikashika kutu. Akakipaka masizi nyuma, injini inapotolea moshi. Kisha akakivika chokaa, kwa sababu majira ya theluji vifaru hupakwa vyeupe visionekane. Na ile chokaa akaifuta tena kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, pale tu buti za askari zinapopita wakipanda na kushuka. Hapo alikuwa hakisii. Alifumba macho, akaweka mguu kwa kumbukumbu, akafuta.

"Afande," Joash, mlinzi wa chumba cha barafu pale kiwandani, Msoga mwenye mdomo, alimwambia Sebit, "gari lenyewe huna, halafu unalizeesha kabla hujalipanda?"

"Wewe linda barafu yako isiibwe na jua."

Safari ya kwanza alitandaza kwenye karai theluji ya unga wa muhogo, akakisimamisha kifaru juu yake, akapanda basi la Mbale. Alipoliweka uani kwa Zahara, hata salamu hazijaisha, kuku walikuja wakaidonoa theluji yote wakabakiza kifaru. Zahara akacheka kicheko kikavu. "Kumbe mwanangu aliuawa na muhogo. Rudi kwenu."

Safari ya pili alitandaza pamba juu, chokaa juu ya pamba. Kuku hawakuigusa. Zahara aliibonyeza kwa kidole. "Laini. Jafar alilala juu ya pamba? Basi alikufa kwa raha kuliko baba yake." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Sebit aliporudi Masese aliugua, akalala na homa. Alipoinuka akaenda kazini, akaangusha kipande cha barafu kwenye tope la mlangoni. Alipokizoa, akaona tope lililokuwa chini yake limeganda. Akasimama pale, samaki wanamsubiri, dereva wa lori anamtukana. Muda wote ule alikuwa ametengeneza theluji. Theluji haikumuua Jafar. Kilichouliziwa na yule mama tangu mwanzo ni ardhi.

"Joash, ndugu yangu. Nifungulie chumba."

"Unataka kuweka nini?"

"Tope."

Joash alimtazama, akasikiliza ile filimbi ya kifuani, na kwa mara ya kwanza hakutania. Akafungua.

Karai la tope lilikaa mle mpaka likawa jiwe. Sebit alilifunika kwa magunia na maranda ya mbao, akalikumbatia mapajani njia nzima hadi Mbale, kisha Nakaloke, maji yakimtiririkia miguuni. Tumbo la kifaru alikuwa amelijaza vipande vya chuma kiwe kizito, akaacha nafasi ya kopo dogo nyuma.

"Umekuja na nini tena?" Zahara hakuinua macho kutoka kwenye ukindu aliokuwa akisuka. Alikuwa amezeeka, ila vidole vyake havikuwa na habari hiyo.

"Mama Jafar, gonga hapa."

Aligonga kwa kucha. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Akachukua mchi na kugonga, na mchi ukaruka.

"Jiwe," alisema.

"Ni tope la ziwani. Limeshikwa na baridi. Ardhi ya kule ilikuwa hivyo."

Sebit akanyunyiza chokaa juu, akaweka kifaru. Kikasimama bila kutikisika. "Shamim, mwanangu, niletee kaa la moto." Shamim, sasa binti mkubwa, akaleta kwa koleo, na Sebit akalitia ndani ya kopo. "Hii ndiyo injini."

"Na Jafar yuko wapi?" akauliza Zahara.

Sebit alitazama mikono yake. Kila kitu alikitengeneza isipokuwa hicho. Mkono wake ulikuwa ukikataa.

Zahara akarudi kwenye ukindu wake. Kisha akachomoa ukindu mwekundu, akaukunja, akaufunga fundo la kichwa na mafundo ya mikono, kama anavyowafungia watoto wa jirani vijitu vya kuchezea. Akauinamia ule uwazi wa chini ya kifaru, akamlaza kijitu chake humo, upande wa joto.

"Haya. Twende."

Jua lilikuwa kali, kaa limeiva. Kwanza pembeni mwa mnyororo palitoka jasho. Kisha chokaa ikalowa, ikageuka uji. Kifaru hakikuanguka. Kiliinama tu, kama mtu anayesinzia, upande wa kushoto, kidogo, tena kidogo, na ule wekundu chini yake ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukapotea.

"Kiinue!" Zahara alishika bati, moto ukamuunguza, akaachia. "Kiinue, Sebit!"

"Hatukuweza, mama. Tulikuwa tumelala. Na kulipokucha ardhi ilikuwa jiwe."

Zahara alibaki amechuchumaa, vidole vilivyoungua kavitia kinywani. Akauliza, sauti imeshuka, "Alilia?"

"Sikusikia. Ningesikia ningeamka."

"Hukumkanyaga."

"Sikumkanyaga, mama."

Akajivuta mtandio usoni. "Shamim. Nenda kwa maalimu. Mwambie nyumba hii ina msiba."

Arobaini ya Jafar ilisomwa Nakaloke, na waliomwita Sebit muuaji walikula wali kwenye sinia moja naye, macho chini. Zahara alikataza karai lisifukuliwe. Hilo ndilo kaburi alilopewa. Tope likakauka na kijitu chake ndani. Shuka za kitanda zikatolewa, na usiku ule Shamim akapanda kitandani.

Sebit aliporudi mara ya mwisho alikuwa hawezi tena kubeba hata mfuko. Alimpa Shamim chokaa iliyofungwa kwenye karatasi, na kitambaa kinachonuka mafuta ya taa.

"Kila mvua zikianza, kifaru kipake upya."

"Chote, ami?"

"Chote. Kisha ufute hapa." Akamshika kidole, akakipeleka kwenye ukingo wa bati, chini ya mlango wa juu. "Acha chuma kionekane. Hapa ndipo baba yako alipokuwa akiweka mguu."