Siku Goshe Alipoanguka

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Gihundwe, upande wa Rwanda, katuni haikutoka kwenye simu. Ilitoka Bukavu, ikavuka ziwa hewani na kushuka kwenye antena ya mwanzi mrefu uliosimikwa nyuma ya nyumba ya Maman Solange, muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Ilipotufikia ilikuwa imechoka. Watu wake walikuwa kijivu, walitetemeka, na wakati mwingine kila mmoja alikuwa na kivuli cha pili kinachomfuata nyuma kama mdogo wake. Ukungu ukipanda kutoka ziwani, uliingia mpaka ndani ya televisheni. Hatukulalamika. Tulidhani ndivyo nchi yao ilivyo, kwamba huko kunanyesha mvua nyeupe siku zote.

Kiingilio kilikuwa bidoni moja, dumu zima la maji. Bomba lilikuwa chini kabisa ya mteremko, na Maman Solange hakupenda miguu yake ipande mlima wakati mtaa una watoto. Jumamosi saa nane tulipanga foleni mlangoni, maji yanatumwagikia magotini, naye amesimama na kijiko cha kugeuzia samaki mkononi. "Ile bidoni haiyajaa. Rudi kujaza. Nitakutunzia nafasi." Hakutunza. Ndani palinuka sambaza za kukaangwa, nguo mbichi na miguu ya watoto thelathini, na mimi mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya samaki nasikia pia muziki wa kufungua ile katuni.

Ilikuwa hadithi ya wapiganaji wawili waliokua pamoja kisha wakawa maadui. Majina yao ya kweli hatukuyajali. Mmoja alipigana kwa ubao mrefu, tukamwita Fimbo. Mwingine alipiga kwa mkono wa kushoto, tukamwita Goshe, ndivyo kwetu tunavyoita kushoto. Mkeka wa Maman Solange uligawanyika katikati: watu wa Fimbo upande wa dirisha, watu wa Goshe upande wa jiko. Wiki nzima hatukusalimiana. Hata bombani kulikuwa na foleni mbili, na mtoto wa Fimbo alikuwa tayari kubaki na kiu kuliko kuomba kikombe kwa mtoto wa Goshe. Mama yangu alikuwa akisema, "Munapigana juu ya bantu ya kuchora! Kama mungekuwa munalima vile, tungekula mara tatu."

Shida ilikuwa moja. Katuni ilisema Kifaransa, tena haraka. Na kwetu mtu anayejua lugha ndiye anayewasimulia wenzake kwa sauti wakati picha zinakwenda. Mpaka leo filamu tunazitazama hivyo. Familia yetu ilikuwa imerudi kutoka Bukavu, basi siku ya kwanza macho yote yalinigeukia mimi. Nilijua kuhesabu mpaka ishirini, kusalimu, na nyimbo mbili za kanisani. Nikafungua mdomo. Nikapewa kiti pekee cha sebuleni, karibu na kioo cha televisheni, na kutoka siku hiyo sikusamehewa kiingilio tu, nilibebewa pia bidoni yangu ya nyumbani.

Nilitunga yote. Goshe alisogeza midomo, mimi nikasema ninachotaka. Kwa kuwa alikuwa na uso wa huzuni, nilimpa mama aliyepotea. Nikasema mama yake alikwenda nchi ya mbali kufanya biashara, na anapigana ili amfikie. Jumamosi moja alionekana anaogelea kwenye maji makubwa, nikasema, "Anavuka kumutafuta maman yake." Chumba kizima kilisogea mbele. Hata watu wa Fimbo.

Aliyesogea kuliko wote alikuwa rafiki yangu Espoir. Mama yake alikuwa amevuka kwenda Bukavu kuuza vitenge, kisha tukasikia yuko Uvira, kisha hatukusikia tena. Espoir aliishi na bibi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila jioni alikuwa anakaa pale barabara inapokata kona, akitazama wanaopanda kutoka mpakani. Mimi sikuwaza kitu. Niliona hadithi yangu inapendwa, nikaongeza chumvi.

Ijumaa moja kabla ya pambano kubwa, tukiwa bombani, alinivuta pembeni.

"Kesho Goshe akimupiga Fimbo, mi Jumapili navuka."

"Utavuka aje? Hauna karatasi."

"Kwa maji. Chini ya daraja, pale kwenye mawe. Goshe alivuka yake, nayo ilikuwa kubwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ninyi mnaoujua mto Rusizi unavyotoka ziwani, unavyojikunja na kuvuta, mnajua hakuna mtoto anayeuvuka. Nilitaka kumwambia, Espoir, hakuna maman, nilimtunga mimi. Lakini nilikiona kile kiti, nikaona watoto thelathini wakinizomea mpaka nyumbani, nikajitwisha bidoni yangu mwenyewe na kuondoka. Nilikuwa na miaka kumi. Usiku ule niliomba Goshe apigwe, mimi niliyekuwa mtu wake wa kwanza.

Kesho yake mtaa mzima ulikuja. Kijana wa jirani alikuwa juu ya kiti nje, ameshika mwanzi, na sisi tunampigia kelele kwa dirisha: "Geuza! Zaidi! Umepita! Rudi! Hapo, usipumue!" Na mbele kabisa, kwenye mkeka, ameketi msichana nisiyemjua, mwenye viatu vya ngozi. "Ni mutoto ya dada yangu, Nadine," Maman Solange akasema. "Anasoma kwa masista Bukavu. Kifaransa anakunywa kama maji."

Nikasogeza kiti changu mbali naye.

Pambano likaanza. Sijui niwaelezeeje. Fimbo alizungusha ubao mpaka ukawa duara, upande wa dirisha ukasimama wote. Goshe akapita chini yake, upande wa jiko ukapiga mayowe, sufuria ikaanguka. "Mutalia leo, bantu ya Fimbo!" "Ngoja kwanza, kamkono yenu kamechoka!" Mvua nyeupe ikafunika picha, tukalia kama tumefiwa, picha ikarudi, na mmoja alikuwa chini. Hatukujua nani. Ukungu ukafunguka polepole. Alikuwa Goshe.

Upande wa dirisha ulilipuka. Walirukaruka, wakakumbatiana, mmoja akambusu mbuzi mlangoni. Upande wetu watoto walijifunika nyuso kwa mashati. Nikashusha pumzi: sala yangu imejibiwa. Kisha Goshe akainuka kwa mkono mmoja, akamtazama Fimbo, akasema maneno machache, akaanza kutembea kuelekea maji makubwa nyuma yake.

Espoir alinigeukia. Machozi yalikuwa yamesimama machoni pake, hayajaanguka.

"Amesema aje?"

Nilimtazama Nadine. Naye alikuwa amegeuka, ananitazama, na nikaona kwamba amejua ninatunga. Labda alijua tangu neno langu la kwanza. Ningenyamaza, Espoir angeyatazama yale maji na kujijibu mwenyewe. Nikasema, na sauti yangu haikuwa ya mkalimani tena:

"Amesema: maman ametuma habari. Anarudi yeye mwenyewe. Nimungojee nyumbani, nisivuke, tusipishane mu njia."

Midomo ya Goshe ilikuwa imesogea mara nne tu, na mimi nimesema maneno ya kujaza ukurasa. Espoir akamgeukia yule mwenye viatu.

"Ni kweli?"

Nadine alikunja sketi yake magotini, polepole. "Njo vile," akasema, akiitikia kwa kichwa. "Njo vile alisema."

Jumapili asubuhi Espoir alikuwa kanisani, mstari wa pili, shati limepigwa pasi. Sikuimba, nilikuwa namhesabu kila dakika. Baada ya misa Nadine alinikuta kwenye ukuta wa kanisa. "Mi sijaona maman mu ile katuni," akaniambia. "Hata mumoja." Nikamwuliza Goshe alisema nini kweli. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa, akasema, "Wewe njo mukalimani," akaenda zake.

Mama yake Espoir alirudi maharage yalipokomaa, amekonda, na sanduku lenye kamba. Mwaka uliofuata niliacha shule, na tangu hapo nimezunguka: Bujumbura, Uvira, Kigali, bandari za ziwa zote, naangalia watu wanavyofanya mambo yao. Espoir ana watoto wanne na hapendi katuni.

Juzi nilikaa mjini Kamembe, karibu na kwetu, kwenye kibanda cha kutengeneza simu, vijana sita wanatazama pambano la wapinzani wa katuni ya siku hizi. Rangi zote zipo, hata jasho lina rangi. Maandishi ya tafsiri yanapita chini, kila neno mahali pake. Walijua atakayeshinda tangu wiki iliyopita, na bado waligombana, lakini kila mmoja na simu yake, akiwajibu watu wa nchi nyingine kwa vidole. Wawili waliotukanana sana walikuwa wameketi benchi moja bila kujua. Hakuna aliyebeba maji. Mpiganaji mmoja alipoanguka na kusema neno lake la mwisho, nilitazama nyuso zao nikingoja mtu amgeukie mwenzake. Wote walikuwa wanasoma.

Nikawasimulia habari za Fimbo na Goshe. Mmoja alicheka, akafuta kioo kwa shati. "Mzee, ile katuni iko, zote ziko humu. Sema jina, tutaona alisema nini. Ni dakika mbili."

Jina nilikuwa nalo mdomoni. Nilimwambia limenitoka.