Macho ya Mwenyekiti Ukutani

Watu watatu wa mtaa wetu walisaini kuachia mashamba yao kwa sababu ya uso niliouchora mimi. Hasira ninayo kwa mwenye uso, na ninayo kwangu mwenyewe, na mpaka leo sijui ipi ni kubwa.

Kazi yangu ni kuchora mabango. Niliishia la saba, nikajifunza kwa mjomba aliyekuwa akiandika majina ya maduka na kuchora vichwa vya wanawake kwenye kuta za saluni. Mtaa wetu uko mashariki ya Dodoma. Bucha zote mbili na saluni zote nne ni mkono wangu. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa alipotaka sura yake kwenye ukuta wa ofisi mpya, aliniita. Mabango ya kuchapwa hakuyataka, jua la huku linayapausha na upepo unayachana.

"Rangi inakaa, binti," alisema. "Nichore watu waone kwamba mimi ni baba yao."

Akanipa picha yake ya kampeni, anacheka. Ukuta alionionyesha uko juu ya benchi la kusubiria. Mwaka huo wapima ardhi walikuwa wamepita kuweka bikoni, yale mawe ya mipaka, mashamba yetu yawe viwanja, na kila mwenye shamba alitakiwa asaini fomu kwamba amekubali kiwanja kidogo mbele ya Zuzu, upande wa pili kabisa wa mji. Wote waliokuja kusaini walikaa kwanza kwenye benchi lile.

Bibi yangu ana shamba la mizabibu humo humo. Alikuwa hajasaini. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama kueleza jinsi alivyolipata shamba lile na marehemu babu, na mwenyekiti muda wote alitazama juu ya bega lake, kwenye gari la wapima. Nililiona hilo. Bado nilipoitwa nilikwenda, kwa sababu mimi huwa siwezi kumkatalia mtu mzima.

Ili kukuza picha ndogo, unaigawa kwa vimraba vya penseli, unapiga vimraba vikubwa ukutani, kisha unahamisha kimoja kimoja. Vingine unavifunika kwa karatasi ili jicho lako lisikimbilie mbele. Kimraba cha mdomo kilikuwa kinacheka, nikachora kicheko. Nilipofika kwenye macho, mdomo ukiwa chini ya karatasi, nilishtuka. Macho hayakucheka. Yalitazama pembeni kidogo, kama mtu anayekagua nani amekuja na nani hakuja. Yalikuwa yale yale ya mkutanoni. Nikachora nilichokiona.

Mwenyekiti alikuja, akasimama mbele ya ukuta.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

Mama mmoja kwenye benchi akacheka. "Ni yeye mwenyewe. Hata anavyokuangalia kama unamchelewesha."

Mwenyekiti hakucheka. "Tia huruma machoni. Kesho nataka nione huruma."

Nilirudi nyumbani nikiwa sijui nitaitoa wapi. Bibi alikuwa uani anachambua maharage. Aliinua uso akaniuliza kama nimekula, akaendelea kunitazama mpaka nilipojibu. Asubuhi nikapanda kwenye stuli nikayachora macho yale ya uani, na mikunjo yake chini, na kope ya kushoto inayolala kidogo kuliko ya kulia.

"Sasa huyu ndiye mimi," alisema mwenyekiti.

Wiki ile ile wakasaini watatu. Mmoja ni jirani yetu, mfugaji mbishi, mtu aliyewahi kuwafukuza wapima kwa fimbo. Nilimsikia akimweleza bibi kisimani. "Nilikaa pale benchini nikamtazama ukutani. Nikajiambia huyu hawezi kunidhulumu." Bibi alishangaa. Mimi nilijitwisha ndoo yangu haijajaa nikaondoka.

Zamu ya bibi ilipofika tulikwenda wote. Aliwasalimia kwa Kigogo waliokuwa benchini, "Mbukwenyi," wakamwitikia, wakamsogezea nafasi. Hakukaa. Alitazama ukuta.

"Macho haya umeyatoa wapi?"

Nilimwonyesha nafasi aliyosogezewa benchini.

"Nakuuliza wewe, mchoraji."

"Kwako, bibi."

Mzee mmoja akasema, "Ndiyo maana tangu asubuhi naona kama namfahamu."

"Aliniambia nitie huruma," nikasema.

"Ukaja kumchukulia kwangu." Bibi hakupandisha sauti. "Huyu aliyeshindwa hata kunitazama nikizungumza. Na watu wakaweka dole gumba wakidhani wanatazamwa na yeye. Kayatoe."

Nyumbani si mbali. Nilikwenda, nikarudi na makopo na brashi, nikapanda kwenye stuli mchana kweupe, benchi limejaa. Sikuhitaji picha wala vimraba. Nilifunika macho ya bibi kwa rangi ya ngozi, na juu yake nikaanza yale mengine.

Mwenyekiti alitoka. "Binti, unafanya nini?"

"Nakurudishia ya kwako, mzee."

"Shuka."

Sikushuka. Alikuja kushika mguu wa stuli, akakuta mkono wa bibi umeshaushika. Wakatazamana pale chini, au bibi alimtazama yeye. Kisha mwenyekiti akaingia ndani, akaanza kumpigia simu mtendaji kwa sauti ya kusikika nje. Nilimaliza jicho la pili. Yule mzee na mama mwingine waliinuka wakaondoka, fomu zao mkononi, hazina alama. Ya bibi pia haikuwa na alama.

Kesho yake ukuta ulipakwa chokaa. Mizabibu ya bibi ipo mpaka sasa, na bikoni ipo katikati yake. Lakini wale watatu fomu zao zilikwishapelekwa. Jirani yetu alikwenda kukiona kiwanja chake mbele ya Zuzu, akakuta mawe, na maji hakuna. Ng'ombe wake hawana pa kulala. Nikimwamkia shikamoo anapita kimya.

Nimemwandikia barua ya kupeleka wilayani. Imenichukua siku nne, kwa sababu kila neno nilitaka liwe sawa. Nimeeleza kwamba alisaini akiamini uso usiokuwa wa kweli, kwamba macho yale hayakuwa ya mwenyekiti, na kwamba aliyeyachora ni mimi. Chini nimeandika jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu. Jana niliipeleka kwake. Aliipokea, akaniambia nikae nimsomee.