Wifi Yangu, Mgombea wa Choo

Wifi yangu ana maneno machache kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, ndiyo maana siku aliyoniambia anagombea udiwani nilidhani jua limempiga. Ilikuwa asubuhi, mimi napanga nguo za mitumba kwenye meza yangu, yeye kasimama mbele yangu na ndoo tupu mkononi. "Wifi," akasema, "nimechukua fomu." Nikamuuliza fomu ya nini, ya mkopo? Akasema ya udiwani, kisha akaenda zake bombani kuchota maji, kana kwamba ameniambia amenunua sabuni.

Niwaeleze kwanza ni mtu wa namna gani. Aliolewa na kaka yangu mkubwa, na mimi, kama wifi yeyote anayejiheshimu, nilimchunguza tangu siku ya kwanza nikitafuta kasoro. Chumvi ya mboga, mikunjo ya shuka, jinsi anavyoamkia wazee, kote nilipita. Sikuambulia kitu, na jambo hilo liliniudhi kwa miaka mingi. Kaka alipofariki ilibidi mke wake atafute kazi, na iliyopatikana ni ile iliyokimbiwa na kila mtu: kutunza choo cha umma katikati ya mji, pale barabara ya maduka inapoishia ufukweni. Ukoo mzima uliona aibu. Mimi niliona aibu zaidi, maana meza yangu inatazamana na mlango wa choo chenyewe.

Kabla hajaja, mtu aliingia mle ameziba pua na kutoka amekunja suruali hadi magotini. Yeye alianza na kuta. Alizisugua kwa brashi ya kufulia mpaka tukagundua kwamba kumbe zilikuwa nyeupe. Akatia komeo kila mlango, akapigilia kioo kidogo juu ya sinki, akaweka karai la maji nje kwa ajili ya miguu. Watu wanaotoka kuogelea huja na mchanga, na mchanga ukishaingia kwenye bomba la chini choo kimekufa. Kwa hiyo neno lake kubwa pale mlangoni ni "Miguu!" Huwaambia watoto, huwaambia wageni wenye kofia za jua, na siku moja alimwambia mkaguzi wa afya aliyekuja amevaa viatu vya kung'aa. Mkaguzi aliosha. Mimi nikajificha nyuma ya makoti nikicheka.

Tena ana desturi moja ambayo ilikuwa ikinitia wazimu. Haongei jambo lolote la maana na mtu anayeingia. Kuna msukuma mkokoteni aliwahi kuuvunja uzio wa nyumba ya wifi, akakataa katakata kuutengeneza. Siku moja nikamwona huyo bwana anakuja mbio, uso umemsinyaa, jasho linamtoka. Nikapiga kelele kutoka mezani, "Wifi, umempata! Mkamate hapo hapo!" Akamfungulia mlango bila neno. Nilimfuata wifi nimefura. "Mtu aliyebanwa atakubali lolote," akanijibu. "Akishatoka anakuwa mtu mwingine. Mimi nataka kuongea na yule anayetoka." Alimngoja kweli, akaongea naye taratibu karibu na karai, na uzio ukatengenezwa, ingawa yule bwana alinuna muda wote wa kugonga misumari.

Sasa ndipo likaja lile bango. Halmashauri ililisimika mwisho wa barabara, kubwa kama ukuta wa nyumba, na juu yake mchoro wa mji wetu utakavyokuwa. Nami nasema ulikuwa mzuri, sitaki kusema uongo kwa sababu ya hasira. Minazi imepangwa mistari, maduka ya vioo, viti vya kupumzikia, chemchemi inarusha maji juu, na watu wembamba wamechorwa wakitembea bila mzigo wowote. Sisi wenye meza tulitafuta tutakapowekwa, tukakuta kijisehemu nyuma, tukaguna lakini tukashukuru. Wifi alisimama pale muda mrefu kuliko sisi sote. Aliufuata mchoro kwa kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Choo hakikuwepo.

Alikwenda kuuliza ofisini. Akaambiwa kwamba huduma hizo zitapatikana ndani ya migahawa, kwa wateja. Akauliza, "Na muuza ndizi je? Na dereva? Na mama mjamzito aliyekuja kupanda gari tu?" Akaambiwa mambo ya utaalamu awaachie wenyewe, na kwamba akiwa na maoni ampelekee diwani wake. Diwani, Mheshimiwa wetu, alikuwa kwenye kampeni za kutetea kiti chake, na hakuwa anapatikana ila juu ya gari lenye vipaza sauti. Ndivyo wifi alivyochukua fomu, kwa tiketi ya chama kidogo ambacho kilikuwa hakijapata mtu wa kusimama.

Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. Walimbatiza jina siku hiyo hiyo, Mgombea wa Choo. Vijana wa Mheshimiwa walipita na fulana zao mpya wakiimba kwamba huyu atatuongoza msalani. Nilitaka kuwatolea maneno, na ninayo, lakini wifi alinishika mkono. Mmoja wao alipokuja baadaye kashika tumbo, alimfungulia kama anavyomfungulia mtu yeyote. Alipotoka ndipo akamuuliza, "Mwanangu, mbona ulipoingia hukucheka?" Sikumwona tena kijana huyo kwenye ule msafara wa kuimba.

Kampeni yake ilikuwa hiyo tu. Hakuwa na gari wala kofia za kugawa. Fundi cherehani wa jirani alimshonea kitambaa kutoka kwenye shuka, tukakifunga juu ya mlango: CHAGUA CHOO. Nilimshauri angalau kipindi cha kampeni aache kutoza ile sarafu ya mlangoni. Akanitolea macho. Akasema sarafu ni ya sabuni na dawa, na mtu akiingia bure leo kwa sababu ya kura, kesho ataingia kwenye choo kichafu. Basi akawa anaomba kura huku anatoza. Na kura anawaomba wanaotoka tu. Nilikuwa naona watu wanaingia kwa foleni, wangempa kura zao zote na za mama zao, naye amekaa kimya anasema "Miguu" tu. Roho iliniuma jamani.

Lakini wanaotoka walisikiliza. Wauza samaki walianza kukaa karibu na karai baada ya kazi. Madereva nao, na wazee wanaotoka kliniki. Hakuwa anahutubia. Anaonyesha lile bango, anauliza, "Ungekwenda wapi?" na kumwacha mtu afikiri mwenyewe. Kufikia wiki ya mwisho hata waliombatiza jina walilitamka kwa heshima, na watu wa Mheshimiwa wakaacha kuimba wakaanza kuhesabu.

Ikapangwa siku ya wagombea wote wawili kuzungumza mbele ya wananchi, jukwaa limewekwa chini ya lile bango. Jua lilikuwa kali, hakuna upepo, na watu wamejaa mpaka kwenye meza yangu. Wifi alisema maneno yake, machache kama kawaida, akakaa. Mheshimiwa akasimama. Si mtu mbaya, nikubali. Ni mtu anayependa kuongea. Aliongelea barabara, akaongelea taa, akaongelea wawekezaji, na kila akikauka koo msaidizi wake anamfungulia chupa nyingine ya maji. Ulipofika wakati wa maswali nikamwona anahamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Mwendo huo nautazama kutwa kutoka mezani kwangu, siwezi kukosea. Nikajisemea moyoni, Mungu yupo.

Alivumilia maswali mawili, kisha akashuka jukwaani kwa hatua fupi fupi. Mgahawa wa karibu ulikuwa umefungwa, mwenyewe yuko mkutanoni. Kilichobaki ni mlango wetu, na mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa mgombea. Umati ulielewa wote kwa pamoja. Kikaja kicheko, halafu kelele, na aliyeanza kelele ni mimi: "Aahidi kwanza! Wifi, usifungue mpaka aahidi choo!" Soko zima likaitikia, "Aahidi! Aahidi!" Mheshimiwa akamgeukia wifi na uso wa mtoto aliyepotea. Nawaambia, pale angeahidi choo, angeahidi na bandari.

Wifi aliteremka. Alipita katikati yetu polepole na ufunguo mkononi, mimi natetemeka kwa furaha. Akafika mlangoni. "Miguu, Mheshimiwa," akasema. Mheshimiwa akapitisha viatu vyake kwenye maji, dereva wake akatafuta sarafu, na wifi akafungua. Basi. Hakusema lingine. Nilikaa chini nikashika tama. Ushindi wote ule, umeingia chooni na kufungiwa komeo kwa ndani!

Mkutano mzima ulingoja kimya, jambo ambalo sijui kama limewahi kumpata kiongozi mwingine. Mheshimiwa alipotoka, ananawa, uso umerudi mahali pake, wifi alikuwa amesimama pale pale.

"Umemaliza salama, Mheshimiwa?"

"Salama, mama. Nashukuru."

"Huna haraka tena?"

"Sina."

"Basi naomba unisaidie. Nionyeshe kwenye mchoro ule. Mji ukishakuwa hivyo, leo ungekwenda wapi?"

Mheshimiwa akalitazama bango. Tulimwona akianza kwenye minazi, akaenda kwenye chemchemi, akapita vioo. Msaidizi wake alimnong'oneza kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Sema tutalifanyia kazi." Mheshimiwa akamsogeza kwa kiwiko. Maji yalikuwa yanamdondoka vidoleni.

"Hakuna mahali, mama," akasema hatimaye. "Niliupitisha mchoro huu mimi mwenyewe na sikuliona hilo. Na siwezi kukuahidi kwamba utabadilika, maana wenye fedha wana masharti yao. Nitagombana nao. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Watu wake waliinamisha vichwa, wanajua kura zinavyopotea. Mimi nilikuwa navuta pumzi nimalizie kazi, nimzomee mpaka atoke mjini. Wifi akapiga makofi. Peke yake, mikono yake ile iliyopauka kwa dawa ya kusafishia, kofi, kofi, kofi. Wauza samaki wakamtazama, wakaanza nao. Yakaenea. Mheshimiwa alipigiwa makofi kuliko aliyowahi kupigiwa kwa hotuba, na mgombea mwenzake ndiye aliyeyaanzisha.

Wifi alishindwa, bila shaka. Mji mzima ulikwenda kupiga kura ukisema, angalau tuna diwani asiyesema uongo. Matokeo yalibandikwa ukutani pale shuleni, na mbele za watu wote maji yakanifika shingoni. Nilimwambia kila kitu. Kwamba alikuwa na Mheshimiwa mkononi. Kwamba alimkabidhi kiti kama anayemkabidhi ndoo. Kwamba kaka yangu alioa mwanamke asiyejua kushinda. Hilo la mwisho lilinitoka vibaya, na nilijua lilivyotoka.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Wifi," akasema, "mimi nilitaka choo. Kiti nilikiomba kwa sababu ya choo." Kisha akaniuliza kama nimekula tangu asubuhi. Sikuwa nimekula. Tukaenda kwake tukapasha viazi, na sikuwa na uso wa kumtazama.

Mengine niliyapata kwa tarishi wa halmashauri, ambaye hununua mashati kwangu. Anasema Mheshimiwa alisimama kwenye kikao cha kwanza akaukataa mchoro alioupitisha mwenyewe. Watu wa chama chake walimzodoa, wakamwita diwani wa msalani. Akaukataa na kikao kilichofuata. Mmoja alimuuliza kama kuna mtu aliyemshurutisha, na tarishi anaapa kwamba alijibu hivi: "Angenishurutisha, ningekuwa nimeshasahau."

Juzi vijana wa vipimo wamekuja na kamba na vigingi. Walipima maduka, wakapima chemchemi, mimi nipo mezani siwajali. Halafu wakahamia kwenye kona, kati ya wauza ndizi na kituo cha magari, wakapigilia vigingi vinne. Wifi akaacha brashi yake akavuka barabara. Nilimwona anauliza kitu, kijana akamjibu bila hata kuinua kichwa, anaendelea kufunga kamba yake. Wifi akabaki amesimama pale.

Nikamfuata. Analia. Tangu tumzike kaka yangu sikuwahi kuyaona machozi ya mwanamke huyu, na sasa yanatiririka mpaka kidevuni kwa ajili ya vipande vinne vya mti kwenye mchanga. "Amesema hapa," akaniambia. "Amesema vyumba sita." Nikataka kumwambia jambo kubwa, kwamba ninajivunia kuwa wifi yake, kwamba mimi ningemkaba yule bwana mlangoni, na leo tungekuwa na ahadi nzuri na mahali pa kwenda hatuna. Badala yake nikamfuta uso kwa shati la mtumba nililokuwa nimelishika, nikageuka, nikaona foleni imefika kwenye karai na wa mbele amepishanisha miguu.

"Twende, wifi," nikasema. "Watu wamebanwa."