Cheti cha Arobaini na Moja

Kila jioni, kabla hajavua buti za mpira, Paskazia alirudisha kadi. Ilikuwa kadi ngumu yenye tundu la kupitisha kamba, na juu yake imeandikwa 41 kwa wino mwekundu. Asubuhi nyapara Chenge alimpa getini, akashinda nayo shingoni, na jioni Chenge huyohuyo alisimama mlangoni ameshika kopo tupu la rangi, kila mtu akatumbukiza yake. Ukijisahau ukaenda nayo nyumbani, kesho yake huna kazi. Kampuni ilikuwa na sheria moja iliyoipenda kuliko zote: karatasi yake isilale nyumbani kwa mtu.

Msidhani ni ubahili wa karatasi. Mwenye kampuni, Bwana Antoni, alikuwa ofisa utumishi katika shirika moja la umma kwa miaka kumi na minane. Shirika lile lilipokufa, kama yalivyokuwa yakifa mashirika miaka ile, yeye alitoka na kiinua mgongo, mashine moja ya taipu na kichwa kilichojaa sheria za kazi. Akakodi vyumba viwili ghorofani, katikati ya mji wa Mwanza, akapachika kibao: Nguvukazi ya Ziwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni kama uyoga. Vilitaka watu, lakini havikutaka shida za watu. Bwana Antoni akavipelekea watu, na shida akazitafutia dawa yake: kila mtu ni kibarua wa siku. Anaajiriwa asubuhi, anaachishwa jioni. Mtu wa namna hiyo hana likizo, haugui, wala hazai.

Paskazia alikuwa amezaa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Alikuwa Mkerewe, mtu wa kisiwani, aliyevuka maji kuja kuolewa na Pius, fundi baiskeli wa Mabatini. Aliingia kiwandani Septemba ya mwaka tisini na mbili, kuta zikiwa bado zinanuka rangi mpya. Wakamweka meza ya kusafisha minofu, kwenye baridi inayoingia mpaka kwenye meno, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na mkono mwepesi kuliko wake. Wanunuzi wa Ulaya walipokuja kukagua, walisimama nyuma yake na saa zao wakitikisa vichwa. Kisu chake kilitoa miba na mafuta bila kuharibu nyama hata ya kulisha paka. Walipouliza ni nani huyu, Chenge aliwajibu kwa fahari kwamba ni arobaini na moja.

Mwaka tisini na nne alimzaa Rebeka. Chenge alikuwa amemwambia mapema kwamba nafasi haimsubiri mtu, kwa hiyo siku ya kumi na mbili Paskazia alijifunga tumbo kwa kanga, akamwacha mtoto kwa jirani yake Atieno, akarudi mezani. Kufika saa nne asubuhi maziwa yalikuwa yameloanisha koti jeupe la kiwanda, yakapoa kwa ile baridi, akaendelea kukata. Alilia? Hakulia. Alikasirika, na hasira yake kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa sababu siku ile hakusema neno. Miaka miwili baadaye alikuwa bado anaikumbuka kila akivaa koti lile.

Sasa ilikuwa Novemba ya mwaka tisini na sita na Paskazia alikuwa mjamzito tena, mwezi wa sita. Tumbo lake lilikuwa dogo na koti la kiwanda ni pana, kwa hiyo Chenge hakuwa ameona, maana akiona tu, mjamzito hasogei getini. Paskazia alikuwa ameapa mbele ya Pius kwamba safari hii atazaa kama binadamu. Dada yake Evelina, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekwenda likizo ya uzazi siku themanini na nne, akarudi akakuta darasa lake linamsubiri. Paskazia alizitaka siku hizo, na meza yake baada ya hizo. Hakutaka zaidi.

Akapanda zile ngazi za ghorofani. Bwana Antoni hakuinua macho. Aliuliza namba, akatajiwa, hakuiandika popote, akasikiliza kwa adabu, maana adabu alikuwa nayo. Kisha akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba likizo ni ya mwajiriwa.

"Wewe kwetu ni mtu wa siku, mama," alisema. "Jua likizama, sisi na wewe tumeshamalizana."

"Miaka minne, mzee, tunamalizana kila siku?"

"Una karatasi yoyote inayosema miaka minne?"

Hakuwa nayo. Akashuka ngazi, na njia nzima hadi Mabatini alizungumza peke yake kama aliyepandwa na pepo. Pius alipomuuliza wamesemaje, alimjibu kwamba wamesema hajawahi kufanya kazi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Hazikupita siku nne, wanunuzi walewale wa Ulaya wakaanza kuuliza maswali mapya: watu wenu mnawatunzaje, na jamii inayowazunguka mnaisaidia nini? Kiwanda kikamgeukia Bwana Antoni. Na Bwana Antoni, niseme haki, alifurahi kwa moyo wote. Kule kwenye shirika alikuwa yeye ndiye anayeandaa Mei Mosi, mfanyakazi bora anapigiwa makofi na kupewa cheti na redio, na jambo hilo alikuwa akilikumbuka kwa hamu kuliko mshahara. Akatangaza Siku ya Kumtambua Mfanyakazi. Itafanyika Jumapili, kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, bandari ndogo ya wavuvi iliyozibwa na magugu maji, ili kampuni isafishe ufukwe na kumtuza mtu wake kwa siku hiyohiyo. Mgeni rasmi atakuwa Ofisa Kazi. Watu wa redio na gazeti wataalikwa. Vibarua watajitolea, na asiyejitolea Chenge atamkumbuka Jumatatu.

Kiwanda ndicho kilichochagua mshindi, kikaandika kwenye kipande cha karatasi: 41. Katibu muhtasi, Wilhelmina, aliyekuja na bosi wake kutoka shirika la zamani, hakuweza kumwandikia cheti mtu asiye na jina. Akateremka hadi getini, akamwita Paskazia pembeni, akamuuliza anaitwa nani kamili na ameanza lini. Paskazia akamjibu: Paskazia Mgeta, tarehe saba Septemba, mwaka tisini na mbili. Wilhelmina akaandika kiganjani kwa kalamu, akarudi ofisini, akavuta droo na kutoa fomu ya cheti aliyokuwa akiitumia kila Mei Mosi. Akabadilisha jina la mwajiri tu. Bwana Antoni alikuwa ameweka saini kwenye fomu ile miaka kumi na minane, na mkono wake uliijua njia wenyewe. Akasaini, akagonga mhuri, akaagiza chai.

Jumapili ikafika. Vibarua walitoka misani na kwenye makanisa mengine, wakakuta fulana nyeupe zimepangwa juu ya turubai, kifuani zimeandikwa TUNALIJALI ZIWA LETU na mgongoni jina la kampuni. Kila mtu alipewa moja na kuambiwa asiichane, zitarudishwa. Wakaingia majini. Nani hajui magugu maji? Unavuta shina moja linakuja na kaka zake ishirini, mizizi imejaa tope, na ukigeuka, ulipopasafisha pameshaanza kuziba. Wavuvi wa mwalo ule walikuwa wakiyavuta kila asubuhi kwa miaka miwili bila fulana wala redio. Walikaa juu ya mitumbwi wakitazama, na mzee mmoja wa Kijaluo, Okech, akauliza kwa sauti kama hawa wenye nguo mpya watakuja na kesho.

Paskazia alivuta kama wengine. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alishaingia hadi kiunoni. Alipotoka na mzigo mikononi, fulana ilikuwa imemganda mwilini, na Chenge alikuwa amesimama mbele yake. Chenge alitazama tumbo. Alitazama muda mrefu, kama anayehesabu miezi.

"Mama Rebeka," alisema kwa sauti ya chini, "kesho usijisumbue kuja."

Paskazia akauweka mzigo wake kwenye rundo. Alimfikiria Rebeka wa siku kumi na mbili mgongoni kwa Atieno, akahisi ile hasira ya miaka miwili inapanda kutoka ilikokuwa imelala. Na wakati huohuo, kipaza sauti kikakohoa, na Bwana Antoni akamwita mfanyakazi bora wa mwaka, Paskazia Mgeta.

Atieno, jirani yake, ambaye siku hizi naye alikata minofu meza hiyohiyo, ilibidi amsukume. Hata Paskazia mwenyewe hakuwa amezoea kusikia jina lake katika sauti ya kampuni. Akapanda jukwaani maji yakimchuruzika. Bwana Antoni alimtambua nusu, akatabasamu, akatazama tumbo, na tabasamu likapungua kidogo. Lakini mpiga picha alikuwa ameshainama. Ofisa Kazi, mtu mnene mpole aliyevaa suti ya kaunda, akamkabidhi doti ya kanga, chupa ya chai na cheti. Makofi yakapigwa. Akapewa kipaza sauti aseme asante.

Paskazia alikuwa amefika darasa la saba na alisoma vizuri. Alikitazama cheti kwa mara ya kwanza, akakisoma kimyakimya, akarudia. Kisha akasogeza kipaza sauti.

"Shikamoo mgeni rasmi," alisema. "Naomba niwasomee nilichopewa, maana wengi hapa macho yamejaa tope." Akasoma taratibu, neno kwa neno. "Kampuni ya Nguvukazi ya Ziwa inatambua utumishi mwema wa Paskazia Mgeta, mwajiriwa wa kampuni hii kwa miaka minne mfululizo, tangu tarehe saba Septemba elfu moja mia tisa tisini na mbili."

Wanawake wa meza ya minofu walikuwa wameacha kupiga makofi. Walikuwa wanasikiliza.

"Kuna saini na kuna mhuri," aliendelea. "Wiki mbili zilizopita niliomba likizo ya uzazi nikaambiwa mimi ni mtu wa siku, tunamalizana jua likizama. Muda mfupi uliopita nimeambiwa kesho nisije, kwa sababu ya tumbo hili. Mheshimiwa, wewe ndiye unayeijua sheria. Hiki cheti kinasema kweli au kinasema uongo?"

Kwenye mitumbwi mzee Okech akacheka peke yake, akaziba mdomo. Bwana Antoni alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, kisha akaurudisha, kwa sababu kaseti ya mtu wa redio ilikuwa inazunguka. Alikuwa mtu msomi na alishaona shimo lilipo: akisema cheti ni uongo, amemdanganya mgeni rasmi mbele ya kadamnasi, akisema ni kweli, basi huyu ni mwajiriwa na likizo ni haki yake.

Ofisa Kazi akavua miwani. Akaifuta. Akasema kwamba yeye si mtu wa kukataa cheti chenye mhuri, na kwamba Jumatatu saa mbili ofisi yake itakuwa wazi, mama aje nacho. Akakaa, na hakutazama upande wa mwenyeji wake tena.

Ilipofika wakati wa kutawanyika, Chenge alisimama na gunia la fulana mahali pa kutokea, kama alivyosimama na kopo kila jioni. Watu walivua, wakatumbukiza. Paskazia naye akavua yake, akabaki na blauzi, akaitumbukiza bila ubishi. Bwana Antoni alikuwa amesogea karibu na gunia, anatabasamu kwa midomo tu.

"Lete na cheti, mama," alisema. "Tukakitie fremu ofisini, utakuja kukichukua."

Paskazia akakikunja mara mbili, akakipenyeza ndani ya blauzi.

"Arobaini na moja nimekurudishia kila jioni kwa miaka minne, mzee," alisema. "Hiki kina jina langu. Kitalala kwangu."

Akapita katikati yao, mwenye kampuni na nyapara wake, na hakuna aliyemshika. Nyuma yake walimfuata Atieno na wengine kumi na mmoja. Hawakuwa na vyeti, lakini masikio walikuwa nayo. Usiseme walishinda wote. Jumatatu walikwenda pamoja kwa Ofisa Kazi, na kesi ya wale wengine ilizungushwa ofisi kwa ofisi hadi baadhi wakachoka. Lakini Paskazia alipewa barua yake ya ajira kabla ya Krismasi, imechapwa na Wilhelmina yuleyule. Na Siku ya Kumtambua Mfanyakazi haikuandaliwa tena. Bwana Antoni alisema jamii haikuwa tayari.

Mtoto alizaliwa Februari, wa kiume. Siku themanini na nne Paskazia alikaa Mabatini, akanyonyesha, akalala mchana, akagombana na Pius kwa starehe. Siku ya themanini na tano alijitokeza getini. Chenge akatafuta kwenye kopo, akampa kadi ya namba 41. Akaivaa, akaenda kwenye meza yake, akakata minofu mpaka king'ora cha jioni.

Mlangoni Chenge aligonga kopo kwa kidole kumkumbusha. Paskazia akamtakia jioni njema, akapita na kadi shingoni, akaenda nyumbani kunyonyesha.