Simu Ndani ya Mchele

Wakati wa vita, baba alificha redio yetu ndani ya gunia la mchele, maana wenye bunduki walibeba kila walichokiona. Tabia hiyo nimezeeka nayo.

Mimi ni sekretari wa ofisi moja, biro kama tunavyoiita hapa Kindu. Mtandao wa biro ulipokufa, niliunganisha simu yangu na kompyuta kwa waya wa USB, kisha nikaizika ndani ya mfuko wangu wa mchele wa Kibombo, chini ya meza. Barua pepe za biro zikaanza kwenda tena kupitia kompyuta yangu. Wenzangu wakadhani antene ya paani imepona, wakaisifu. Nami, bila haya, nikaitikia: "Antene yetu iko nguvu kabisa!"

Wiki nzima nilidanganya hivyo. Jana mguu wangu ukachomoa waya, mtandao ukakatika. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, mzee wa magoti mabovu, akapanda paani kuitikisa antene. Akiwa huko akanipigia, aulize kama mtandao umerudi.

Mchele ukaanza kulia.

Biro nzima ikainama kutazama. Mwenzangu Zaina akaingiza mkono, akaitoa simu, akaipangusa kwa kitenge chake.

"Dada," akasema polepole, "vita ilikwisha. Jibu basi, muzee iko juu ya nyumba."