Mfuniko wa Kisima cha Bi Mwanaheri

Mimi nimechoka, niseme ukweli. Mwaka wa sita huu nayeyusha plastiki ya ndoo mbovu na madumu yaliyopasuka, natengeneza vitu vipya pale Lindi mjini, na moshi wake nimeumeza wa kutosha. Lakini kuchoka kwangu si kitu mbele ya kuchoka kwa Bi Mwanaheri wa Mchinga.

Huyu mama kazi yake ni kamba. Anafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani miezi kadhaa, anayafukua yananuka, anayaponda mpaka yatoe usumba, zile nyuzi za kahawia, kisha anasokota. Zamani alisokotea barazani kwake. Tangu Ramadhani iliyopita anasokotea kisimani, alfajiri mpaka magharibi. Bati lililofunika kisima lililiwa na chumvi, mjukuu wake Ziada akalikanyaga, akatumbukia. Alitolewa hai, alhamdulillahi. Ila bibi yake hakubanduka pale tena. Mbao zinaliwa na mchwa, na zege akina mama wataliinuaje kila siku? Basi akakaa yeye, akawa ndiye mfuniko.

"Fundi Sixbert," aliniambia, macho mekundu, "nitengenezee kitu kisichooza wala kushika kutu. Usiku naota anatumbukia, mchana namlinda. Nimechoka, baba."

Nikamwambia plastiki tupu juani hulegea, ikabonyea. Ukiichanganya na nyuzi inakaza. Alete usumba wake. Akaleta gunia zima, laini, unang'aa kama nywele za bibi harusi.

Mfuniko wa kwanza niliupima kwa viroba vya mchanga, ukapasuka kwa cha pili. Nikajilaumu: labda moto ulizidi, nyuzi zikaungua. Wa pili nikaubembeleza moto kama nalea kichanga, plastiki ilegee tu, isitoe moshi. Nikaupeleka Mchinga, tukauweka juu ya matofali, tukapanga viroba. Cha tatu kikaumaliza: vipande viwili. Bi Mwanaheri alirudi kukaa kwenye ukingo wa kisima. Iliniuma, na mimi nikiumia nakuwa mkali.

Nikaokota kipande. Nyuzi hazikukatika. Zilichomoka nzima nzima, hata chembe ya plastiki haikuzishika. Nikazisugua vidoleni, nikanusa. Mafuta ya nazi!

"Mama, umezipaka mafuta?"

"Sasa nikuletee kavu zikukate mikono? Mama yangu alinifundisha, usumba wa mtu unayemheshimu unaupaka mafuta."

"Lo! Plastiki itashikaje kwenye mafuta? Siku zote hizi tunahangaika, kumbe heshima yako ndiyo inayotuvunjia!"

Nilipayuka mbele za watu. Alishusha uso.

"Basi mimi mwenyewe ndiye niliyekiacha kisima wazi," alisema polepole.

Nilijuta, nikatamani ardhi inimeze.

Tuliloweka usumba mpya kwenye maji ya majivu yanayokata mafuta, mimi na yeye, tukaufikicha, tukausuuza, tukauanika siku tatu mpaka ukakauka kabisa, maana unyevu nao ukikutana na moto unatia mapovu ndani. Majivu yalimchubua vidole, hakulalamika. Usumba ukatoka unakwaruza, mbaya wa sura.

"Huu sokoni ungenitia aibu," akanitania, "ila nyie Wamakonde mnapenda vya kukwaruza."

Nikacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mfuniko wa tatu ulibeba viroba sita. Nikaongeza cha saba, nikapanda na mimi juu. Ukanesa kidogo, ukarudi. Tukakifunikia kisima.

Bi Mwanaheri hakuuamini. Alipanda, akaukanyaga kwa nguvu mara tatu, akasikiliza. Kisha akaketi. Kisha akajilaza ubavu, kanga usoni, saa tano asubuhi jua linawaka, akalala fofofo palepale juu ya mfuniko. Kamba aliyokuwa akiisokota ilimtoka mkononi, ikaanguka mchangani.

Akina mama wakaja na ndoo zao, wakaanza kunong'ona. Ziada akataka kumwamsha bibi yake. Nikamshika mkono.

"Maji hayaendi popote," nikawaambia. "Mwacheni alale."

Wakatua ndoo. Tukakaa wote chini, tukamngoja.